Jinsi ya kuusikiliza mtambo wa aurora za Mshtarii ukiwa Unguja au Pemba

Sehemu ang'avu zaidi ya aurora za sayari ya Mshtarii (Jupiter), zile nuru zinazowaka kwenye ncha zake mbili, ni mwanga wa urujuanimno, na hewa ya dunia huuzuia mwanga huo usitufikie. Ndiyo maana picha zake hutoka kwenye darubini ya Hubble na chombo cha Juno, vilivyo angani, si kwenye darubini ya skuli. Lakini mikondo ileile ya elektroni inayowasha nuru hizo hutoa pia mawimbi ya redio, kuanzia megahezi 10 hivi mpaka karibu 40, na mawimbi hayo hufika ardhini. Kuyapokea kunataka waya wa shaba wa mita saba, kebo ya dishi, kipokezi cha bei ndogo, na mtu aliye tayari kukesha.

Visiwa vyetu viko mahali pazuri sana kwa kazi hii. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, Pemba nyuzi 5. Mshtarii haivuki nyuzi 23 na kitu kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo kwetu kila mwaka hupita juu, na ikiwa mbali kabisa na utosi huwa ni nyuzi 30 tu. Mwezi Aprili 2029, itakapokuwa mkabala na jua, itapita karibu utosini kabisa. Antena rahisi kuliko zote, yaani waya uliolazwa mlalo, kwa tabia yake hutazama juu. Tuitumie bahati hiyo.

Kwanza ujue kinachopiga kelele

Ukiruka sehemu hii utaweza kujenga antena, lakini hutajua usiku gani wa kuamka.

Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9, dakika 55 na sekunde 30 hivi. Uga wake wa sumaku huzunguka pamoja nayo, na nguvu yake kwenye ikweta ya sayari ni gausi 4 na kidogo, zaidi ya mara kumi ya ule wa dunia. Ndani ya uga huo, kilomita 422,000 kutoka katikati ya sayari, unazunguka mwezi uitwao Io, wenye volkano nyingi kuliko mwezi wowote tunaoujua. Kila sekunde takriban tani moja ya gesi ya salfa na oksijeni hutoka huko. Gesi hiyo hupoteza elektroni zake, ikawa plazma, na uga wa sumaku huikamata na kuikokota.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Plazma iliyokamatwa huzunguka kwa kilomita 74 kwa sekunde, mwendo wa uga. Io yenyewe hutembea kilomita 17 tu kwa sekunde. Kwa hiyo uga unaipita Io kwa nyuma kwa kasi ya kilomita 57 kwa sekunde, na kitu kinachopitisha umeme kikikatwa na uga wa sumaku kwa kasi hiyo huzalisha volti. Kutoka upande mmoja wa Io hadi wa pili ni volti 400,000 hivi, na mkondo ni wa ampea milioni kadhaa. Msukosuko huo husafiri kama mawimbi kwenye mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, na njiani huzisukuma elektroni. Zinazopiga hewa ya Mshtarii huwasha doa la aurora linaloifuata Io kila iendako. Miezi mingine ya Mshtarii, Ganymede na Europa, nayo ina madoa yake, ila hafifu zaidi.

Elektroni zilizobaki ndizo zetu. Kadiri zinavyokaribia ncha uga unazidi nguvu, na nyingi hurudishwa juu kabla hazijagusa hewa. Kundi linalorudi lina pengo, kwa sababu zilizokuwa zikienda sambamba na mstari wa sumaku zilishazama na kuwa aurora. Kundi lenye pengo la namna hiyo haliwezi kutulia: humwaga nishati yake kama mawimbi ya redio, kwa masafa yaleyale ambayo elektroni huzunguka mstari wa sumaku. Bila pengo lile hakuna redio. Ukisikia dhoruba, yaani kipindi cha milipuko ya redio hiyo, ujue kuna elektroni zilizokwisha kuanguka na kuwaka.

Kanuni moja ndogo iandike ukutani: masafa kwa megahezi ni 2.8 mara nguvu ya uga kwa gausi. Ukisikiliza megahezi 20.1 unasikiliza mahali ambapo uga ni gausi 7.2. Masafa ya juu kabisa yanayosikika, karibu 40, yanatoka kwenye gausi 14, chini kabisa karibu na mawingu ya kaskazini. Kwa hiyo kila unapobadili masafa unapanda au kushuka kwenye mstari wa sumaku. Watu walijua uga wa Mshtarii una nguvu kiasi gani kwa njia hii, kabla chombo chochote hakijafika huko.

Duara kuu la aurora, tofauti na doa la Io, lina sababu nyingine. Plazma ya Io husambaa polepole kwenda nje, na uga huilazimisha iendelee kuzunguka na sayari. Kwenye umbali wa radius (nusu kipenyo) 20 hadi 30 za Mshtarii plazma huanza kuchelewa, uga hupinda, na mikondo ya umeme hushuka mpaka kwenye ncha kuivuta tena. Nguvu inatoka kwenye mzunguko wa sayari yenyewe, si kwa jua kama ilivyo duniani kwetu. Tangu Juno ifike mwaka 2016 imeonekana kwamba usukumaji wa elektroni huko ni wa fujo kuliko nadharia za awali: elektroni za nishati mchanganyiko hukimbizwa juu na chini kwa pamoja.

Zohali, Uranus na Neptune nazo zina aurora, lakini redio zao ziko chini ya megahezi 2, na ionosfia ya dunia, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, huzirudisha angani. Usipoteze waya kwa ajili yao.

Saa mbili za kufuata

Bernard Burke na Kenneth Franklin waligundua redio ya Mshtarii mwaka 1955 kwenye megahezi 22.2. Mwaka 1964 E. K. Bigg, huko Australia, akaonesha kwamba Io ndiyo inayoamuru. Sababu ni umbo la miale: redio haitoki pande zote, hutoka kama koni iliyo tupu ndani, yenye ukuta mwembamba wa nyuzi moja au mbili. Tunasikia tu pale ukuta huo unapoifagia dunia.

Kwa hiyo unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni longitudo ya Mshtarii inayotutazama, iitwayo ya Mfumo III, inayokwenda nyuzi 36.3 kwa saa. Ya pili ni pembe ya Io: 0 ikiwa nyuma ya sayari, 180 ikiwa mbele yake, inayokwenda nyuzi 8.5 kwa saa. Programu ya Radio Jupiter Pro na jedwali za mradi wa Radio JOVE hukupa zote mbili. Madirisha makuu ni haya:

Io-A: longitudo 200 hadi 290, pembe ya Io 195 hadi 265.
Io-B: longitudo 90 hadi 200, pembe ya Io 75 hadi 105.
Io-C: longitudo 290 hadi 10, pembe ya Io 225 hadi 250.

Io-B ndiyo ya kuanzia. Ikitokea huwa na nguvu, na mara nyingi ndiyo yenye milipuko mifupi (tutaifikia chini).

Tuseme programu inaonesha saa 20:00 za UT (saa ya kimataifa, iliyo saa 3 nyuma ya yetu) longitudo 40 na pembe ya Io 70. Saa 20:00 za UT kwetu ni saa 5 usiku: ongeza 3 upate 23:00, kisha toa 6 na kuondoa 12. Longitudo inafika 90 baada ya saa 1 na dakika 23, na hapo pembe ya Io imeshavuka 75. Pembe inafika 105 baada ya saa 4 na dakika 8. Basi dirisha lako ni kuanzia saa 6 na dakika 23 usiku mpaka saa 9 na dakika 8. Makosa mengi ya wanaoanza yamo kwenye kugeuza saa tu, hivyo andika dirisha kwa saa zetu kwenye karatasi na uweke kengele nusu saa kabla. Muda wa mawimbi kusafiri, dakika 35 hadi 50 na zaidi, usiuongeze. Programu imekwisha kuuhesabu.

Dirisha si ahadi. Nyakati nyingine linapita kimya.

Sasa jambo la kwetu hasa. Ikweta ya sumaku ya dunia katika Afrika Mashariki hupita Ethiopia, nasi tuko kiasi cha nyuzi 15 kusini mwake. Huko ndiko ionosfia hurundikana jioni, nene na yenye mawimbi-mawimbi, pande zote mbili za ikweta hiyo. Kwa hiyo tangu magharibi mpaka karibu na usiku wa manane ishara zetu huvurugwa hata kama Mshtarii iko juu, na miaka ya jua kali, kama ile ya kilele cha 2024, hali huwa mbaya zaidi. Chagua madirisha ya baada ya saa 6 usiku, na kama una hiari chagua ya kuanzia saa 9 usiku mpaka alfajiri, ionosfia inapokuwa nyembamba kuliko wakati wote.

Mshtarii huwa mkabala na jua kila miezi 13 hivi: Januari 2026, kisha Februari 2027. Miezi minne kabla ya hapo na mmoja baada ndiyo msimu wa kazi. Kwa msimu wa 2027 utaangukia kwenye kaskazi, kipindi cha ukavu, ingawa radi za vuli za Novemba zitasumbua mwanzoni.

Mahali

Adui ni umeme wa watu: chaja za simu, taa za LED za bei ndogo, inverta za sola, televisheni, transfoma yenye vifaa vilivyolegea. Mji Mkongwe na Ng'ambo havifai. Kaa mita 200 na zaidi kutoka kwenye nyaya za umeme na nyumba ya mwisho. Maweni ya Makunduchi na Kizimkazi yanafaa, na Pemba kaskazini, upande wa Makangale, kuna utulivu mkubwa. Chukua kwanza redio ndogo ya mawimbi mafupi, iweke karibu na megahezi 20 pasipo na kituo, utembee nayo usiku. Ukisikia mlio wa nzi au mkwaruzo wa kulingana, songa mbele. Mjulishe sheha kabla ya kusimamisha nguzo, maana watu wenye waya na taa porini usiku wa manane huzua maswali.

Ufukweni usijenge karibu na mstari wa maji. Maji ya chumvi hurudisha mawimbi vizuri mno, mchanga mkavu vibaya, na bamvua ikijaa na kupwa chini ya antena kiwango chako kitapanda na kushuka bila Mshtarii kuhusika.

Antena

Masafa ni megahezi 20.1, ambayo wengi duniani huyatumia kwa sababu hayana vituo vikubwa. Urefu wa jumla wa waya, mita, ni 143 gawa kwa 20.1, yaani 7.11, kila mkono 3.56. Ukitumia waya wa nyumba wa 1.5 wenye gamba la plastiki, gamba hufupisha, hivyo fanya 3.48. Kata mrefu kidogo, kisha kunja ncha. Sentimita tatu za makosa hazidhuru kitu kwenye antena ya kupokea.

Katikati weka kipande cha PVC cha sentimita 10 chenye matundu, mikono miwili ifungwe humo bila kugusana. Ncha zifungwe kwa mshipi mzito wa kuvulia, ambao haupitishi umeme, usawa wa nusu mita kabla ya nguzo. Nguzo ni PVC ya inchi moja na nusu iliyotiwa mwanzi ndani, na kamba tatu kila moja. Mnazi usiutumie: unayumba, waya unakatika, na dafu likianguka halichagui.

Kimo ndicho kinachowaharibia wengi, kwa sababu watu wamezoea kwamba antena ya televisheni ikiwa juu zaidi ndiyo bora. Hapa ni kinyume. Urefu wa wimbi ni mita 14.9. Waya ukiwa mita 3.7 juu, robo ya wimbi, mawimbi yanayorudishwa na ardhi huungana vizuri na yanayotoka utosini. Ukiuinua mpaka mita 7.5, nusu ya wimbi, yanafutana, na antena inakuwa kiziwi palepale Mshtarii inapopita. Kaa kati ya mita 3 na 4.5. Kwenye jiwe kavu la maweni, linalopitisha umeme vibaya, tandaza chini nyaya tano za mita 8, sambamba na antena, nafasi ya mita moja kati yake. Hata waya wa uzio wa zamani unafaa.

Elekeza waya kaskazini na kusini. Ncha za waya hazisikii, na Mshtarii inatembea mashariki kwenda magharibi, hivyo kwa mwelekeo huo utaipata muda mrefu zaidi. Ukiulaza mashariki na magharibi utafaidi saa chache tu sayari ikiwa juu.

Kebo ni RG-6 ya dishi, ya ohm 75, ambayo inapatana vizuri na antena ya kimo hiki. Mita 20 hupoteza chini ya desibeli moja. Wavu wake ni wa aluminiamu na haushiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo usihangaike na pasi: bana wavu kwa skrubu na washa za chuma kisichoshika kutu, upande wa kati bana vilevile, kisha paka grisi, funga tepu ya mpira na silikoni juu. Bila hivyo hewa ya chumvi itageuza shaba kuwa kijani kwa msimu mmoja, na dalili ya kwanza ni kelele inayokuja na kuondoka upepo unapovuma. Pale kebo inapoanza, vika pete tano au sita za ferrite, zishikane, ili wavu wenyewe usigeuke antena na kuleta kelele za kompyuta yako.

Antena ya pili, sambamba na ya kwanza kwa mita 6, huongeza nguvu. Ziunganishe kwa kebo mbili zenye urefu sawasawa hadi kwenye splita ya televisheni iliyogeuzwa. Soma maandishi yake: iliyoandikwa 5–1000 MHz inafaa, ya dishi, 950–2400 MHz, haipitishi kabisa megahezi 20, ingawa kwa macho zinafanana.

Kipokezi

Dongle za kawaida za televisheni, yaani vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, huanzia megahezi 24, hivyo hazifiki. RTL-SDR Blog V4 inafika bila nyongeza. V3 nayo inafika kwa njia yake ya kupokea moja kwa moja, lakini hupima mara milioni 28.8 kwa sekunde, na kwa hiyo megahezi 20.1 na 8.7 huangukia mahali pamoja. Kituo cha 8.7 kitakuja kimekaa juu ya Mshtarii. Dawa ni kichujio kinachozuia kila kilicho chini ya megahezi 15.

Zima AGC, yaani kirekebishaji cha ukuzaji kinachojiendesha. Kifaa hicho hushusha sauti kila ishara inapopanda, yaani hufuta hasa kile ulichokuja kukitafuta. Weka ukuzaji mmoja na usiuguse usiku kucha. Kompyuta iende kwa betri yake. Chaja iliyochomekwa ni kelele. Tumia programu ya Radio-SkyPipe kuchora kiwango dhidi ya muda, na hifadhi sauti kwa WAV.

Jaribio la kwanza lifanye mchana. Toa antena, weka badala yake ukinzani wa ohm 75: kiwango lazima kishuke wazi. Kisha rekodi usiku kadhaa bila kujali Mshtarii. Galaksi yenyewe huunguruma kwenye masafa haya, na kilele chake huja mapema kwa dakika 4 kila siku, saa 2 kwa mwezi. Kilele kikifuata mwendo huo, antena yako inasikia anga. Kikibaki saa ileile kila siku, unasikia majirani.

Kutambua

Dhoruba nzuri huinua kiwango desibeli chache juu ya galaksi, basi. Milipuko mirefu hupanda na kushuka kwa sekunde moja mpaka kadhaa, kama mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba mbali. Kupanda na kushuka huko kwa sehemu kubwa hufanywa na upepo wa jua ulio njiani kati yetu. Milipuko mifupi ni ya sehemu chache za elfu za sekunde, mkatiko mkavu wa haraka, na kila mmoja huteremka kutoka masafa ya juu kwenda ya chini, kwa sababu kundi la elektroni linapanda kutoka kwenye uga mkali kwenda kwenye uga dhaifu.

Radi hupiga mara moja na kwa masafa yote pamoja, hata kama mvua iko bara. Kelele ya jua haiwezekani usiku. Njia bora ya kuondoa shaka ni vituo viwili, kimoja Makunduchi na kingine Pemba: kelele za kijijini zitatofautiana, Mshtarii itakuwa sekunde ileile kwa wote. Ukiona hivyo, andika tarehe, saa ya UT, longitudo na pembe ya Io pale ilipoanza na ilipokoma. Ukishakuwa na dhoruba kumi hivi, zichore kwenye karatasi ya miraba, longitudo chini na pembe pembeni, uone zinavyojikusanya mahali palepale.

Masika yakiingia, chomoa kebo na uitupe nje ya kibanda kila unapoondoka. Radi ikipiga nguzo isikute njia ya kuingia ndani.